Anayelipa madai ya bima asiwe peke yake katika kusaka wadanganyifu

Asubuhi moja, katika kituo cha afya wilayani Rungwe, nilisimama foleni nyuma ya mama mmoja mchuma chai ambaye alama za vidole vyake zilikataa kusomeka mara nne mfululizo. Mhudumu wa dirisha la bima alimpangusia kidole kwa kitambaa, akajaribu tena, kisha akasema kwa upole, "Mama, mashine haikutambui, na nikikuandikisha hivi hivi tutakatwa." Mama akajibu, "Mwanangu, kadi ni yangu, na picha iliyomo ni sura hii unayoitazama." Alilipa fedha taslimu kwa huduma ambayo alikwisha kuichangia.

Neno "tutakatwa" linabeba sehemu kubwa ya suala hili. Makato ni fedha ambazo mfuko wa bima huzikataa unapohakiki madai ya kituo, ama kwa sababu umeona udanganyifu, ama kwa sababu fomu haina sahihi, tarehe imekosewa au dawa iliyoandikwa hailingani na ugonjwa uliotajwa. Mwizi na mzembe hukutana katika safu moja ya hesabu, na hapo ndipo naona kasoro ya namna tunavyopambana na udanganyifu.

Udanganyifu wenyewe upo, na si wa kufumbiwa macho. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, huendeshwa kwa michango ya wanachama, na kwa mtumishi wa umma mchango huo ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri. Fedha hizo huchotwa kwa njia zinazojulikana: kadi kuazimwa na ndugu, vipimo kudaiwa ambavyo havikufanyika, dawa ya bei nafuu kutolewa na ya bei kubwa kuandikwa, au sahihi ya mgonjwa kughushiwa siku ambayo yeye yuko shambani kwake Umalila akipalilia viazi. Hata hivyo njia hizi hazilingani uzito. Aliyeazima kadi ameiba matibabu ya siku moja, lakini mtoa huduma anayepika madai anaweza kuiba kila mwezi, kwa majina ya watu wengi, bila mmoja wao kujua.

Wanaotaka kazi yote ya kudhibiti ibaki ndani ya Mfuko wana hoja nzito. Mfuko ndio wenye kumbukumbu za madai, una wataalamu wa tiba wanaoweza kutambua kwamba zahanati moja haiwezi kuwa na wagonjwa wengi wa aina moja kwa wiki moja, na unaweza kuzuia malipo kabla fedha hazijatoka. Kesi mahakamani huchukua muda mrefu, na shilingi iliyokwisha kulipwa ni vigumu kuirudisha. Aidha, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ipo kwa ajili ya uchunguzi wa jinai, na Baraza la Madaktari Tanganyika lipo kwa ajili ya maadili ya daktari, hivyo mtu anaweza kuuliza ofisi nyingine ni ya nini.

Lakini Mfuko huo huo ndio wenye kudai umeibiwa, ndio unaochunguza, na katika hatua ya makato ndio unaoamua, huku kila shilingi inayokatwa ikibaki kwake. Sisemi kwamba maofisa wake hawana uadilifu. Nasema kwamba hata mwadilifu hapaswi kuwekwa katika nafasi hiyo. Kituo kinachokatwa bila kuelewa sababu hukosa fedha za vitendanishi vya kupimia maabara na dawa, na maumivu hayo humfikia mgonjwa, ambaye huelekezwa akanunue dawa duka la nje.

Marekani ilikabili swali hili katika Medicaid, bima ya umma kwa watu wa kipato cha chini. Tangu sheria ya mwaka 1977, majimbo yamekuwa na vitengo vya kupambana na udanganyifu ambavyo lazima viwe nje ya wakala unaoendesha bima yenyewe, na leo viko katika majimbo yote 50, mji mkuu Washington, Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani. Kwa kawaida serikali kuu hulipa asilimia 75 ya gharama za vitengo hivyo. Kazi yao ni kuwachunguza watoa huduma. Mwanachama wa kawaida hawamgusi, isipokuwa ameshirikiana na mtoa huduma. Tena wamepewa jukumu la kuchunguza wagonjwa wanaoteswa au kutelekezwa katika vituo vya matunzo, maana anayeiba kwa jina la mgonjwa huenda pia anamnyima haki yake.

Hatuna fedha za Marekani, na sipendekezi taasisi mpya yenye majengo na magari. Napendekeza kutenganisha kazi: Mfuko uendelee kuhakiki na kuzuia malipo yenye shaka, lakini rufaa ya makato isikilizwe na mtu asiye mwajiriwa wake, na kosa la uandishi litenganishwe na wizi kwa maandishi, likiwa na nafasi ya kusahihishwa. Jambo hili lina haraka, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kuwaingiza wakulima na wafanyabiashara wadogo ambao hawana mwajiri wa kuwasemea.

Kisha mwanachama naye aonyeshwe kilichodaiwa kwa jina lake, hata kwa ujumbe mfupi wa simu ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi. Mama yule wa Rungwe, ambaye mashine ilishindwa kumtambua, angeusoma na kusema mara moja kama sindano iliyoandikwa alichomwa au hakuchomwa.