Crown Athlete au Royal Saloon: shokapu ngumu au laini kwa gari ya kila siku?

Kila anayetaka kuagiza Toyota Crown toka Japani lazima hili swali limkute, achukue Athlete (ya sport, yaani chini ngumu) au Royal Saloon (ya standadi, yaani laini), na majibu anayopewa mengi ni ya kishabiki tu. Wa Athlete wanasema Royal ni gari ya wazee, inaelea. Wa Royal wanasema Athlete inaua mgongo. Kiukweli wote wana hoja, ila kuna kitu kinarukwa kila mara na ndo kinaharibu mjadala mzima: watu wanalinganisha sport mpya na standadi iliyokufa zamani. Crown nyingi zilizojaa mjini ni zile za kuanzia mwisho wa 2003 hadi 2008, na zile zilizofuata za 2008 hadi 2012, yaani gari imeshakula miaka 10 na zaidi, bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini) ndo zile zile ilizotoka nazo kiwandani, shokapu hazijawahi kuguswa, alafu mwenye gari akifunga shokapu mpya za sport anaona kapata gari nyingine anaanza kutangaza sport ni mkombozi. Angefunga hata standadi mpya angeiona hiyo hiyo gari nyingine.

Sasa tofauti yenyewe iko wapi. Hizi gari mbili chini ni ndugu, kinachobadilika ni ugumu wa springi na jinsi shokapu inavyoibana springi isicheze sana. Body ya gari ya kawaida ikitikiswa inapanda na kushuka kama mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde, ya sport inasogea kwenye 2, na hiyo tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi lakini mgongo unaijua. Alafu kuna tairi, na hapa ndo wengi hawapaangalii kabisa. Athlete nyingi inakuja na 225/45 rimu 18, Royal inakuja na 215/60 rimu 16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni ukuta wake kwa asilimia ya upana huo. Piga hesabu: ukuta wa tairi ya Athlete ni kama milimita 101, wa Royal ni milimita 129, wakati tairi zenyewe ukizisimamisha zinakaribia kulingana urefu. Karibu sentimita 3 za mpira na upepo zimeondolewa kati ya rimu na shimo. Kwa hiyo ule mgongano mkavu unaousikia Athlete ikipita kwenye rasta, sehemu yake kubwa inatoka kwenye tairi, na watu wanaitupia lawama shokapu.

Wanaotetea sport wana hoja nzito na sio ya kupuuza. Shika barabara ya Dar kwenda Dodoma, kuna vipande lami imebonyezwa na malori hadi imekuwa na mawimbi na mifereji miwili ya matairi. Ukiwa kwenye 100 na shokapu laini, gari inapanda wimbi la kwanza, kabla haijatulia la pili limefika, usukani unakuwa mwepesi kwa sekunde kadhaa na abiria wa nyuma anaanza kuhisi kichefuchefu (watoto hasa). Sport hapo inamaliza mchezo kwenye wimbi la kwanza tu. Unapo-overteki lori refu, umetoka, umepita kichwa chake, upepo unakupiga ubavuni alafu unarudi kwenye leni yako haraka, hapo uzito wa gari unahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine na ndo unajua kama shokapu zako zinafanya kazi au ni mapambo. Kona za Kitonga ukielekea Iringa ni hivyo hivyo, gari ikilala sana kwenye kona dereva anapunguza ujasiri na yuko sahihi kupunguza. Na ukifunga breki ghafla mtu karuka barabarani, gari isiyoinamisha pua sana inabaki inasikiliza usukani. Hayo ni mambo ya usalama, sio ya kuringa, na mtu anayekula Dar–Moro kila wiki simlaumu hata kidogo akichukua Athlete.

Ila gari ya kila siku kwa wengi wetu maisha yake sio hayo. Inatoka Goba au Kinyerezi au Kigamboni, inaanza na barabara ya mtaani yenye korongo la mvua ya juzi, inapanda matuta ambayo wananchi wameyajenga wenyewe bila kipimo chochote, ikifika lami inakaa foleni, jioni inarudi hivyo hivyo. Spidi kubwa ya siku nzima labda ni 60. Kwenye mazingira hayo uzuri wa sport huupati kabisa, mwendo wenyewe haufiki unapohitajika, lakini gharama yake unailipa kila tuta. Springi ngumu haimezi kishindo, inakipeleka juu, kwa hiyo anayekipokea ni bushi, bol joint (kiungo cha mpira wa chuma cha gurudumu), stabilaiza linki (kifimbo kinachoshika chuma cha kuzuia gari isilale), mautingi za shokapu, dashibodi inaanza kulia vichirichiri, na rimu 18 zenye ukuta mfupi zinapinda kwenye shimo moja tu ulilokosa kuliona usiku. Mama yako akiwa siti ya nyuma na mgongo wake atakuambia mwenyewe.

Na kuna imani moja inabidi isahihishwe, kwamba sport inashika barabara zaidi popote. Kwenye lami safi, sawa. Kwenye barabara ya vumbi yenye mabati, yale mawimbi madogo madogo yanayofuatana, shokapu ngumu haiiachi springi inyooke haraka kuifuata barabara, tairi inabaki inarukia vichwa vya mawimbi tu, na tairi iliyo hewani haifungi breki wala haikati kona. Hapo gari laini yenye shokapu nzima inashika kuliko ya sport. Nasisitiza yenye shokapu nzima.

Maana ndo nirudi pale pale. Kabla hujaamua unataka ngumu au laini, jua kwanza uliyonayo iko hai au imekufa. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu uachie: inatakiwa ipande, irudi, itulie. Ikiendelea kucheza imeisha, lakini ikitulia usishangilie bado, kipimo hiki kinakamata zile zilizokufa kabisa tu. Ingia chini na tochi, angalia mwili wa shokapu chini ya kava la vumbi, ukikuta mafuta yametoka yakashika vumbi mpaka yamekuwa tope jeusi, hiyo ni maiti. Alafu pitisha kiganja juu ya tairi taratibu kuizunguka, ukisikia bonde, nundu, bonde, nundu, ujue hilo gurudumu limekuwa likirukaruka muda mrefu na hakuna aliyelizuia. Na ule mlio wa ko-ko-ko kwenye vishimo vidogo mara nyingi ni stabilaiza linki au bushi, ukifunga shokapu za gharama juu ya bushi zilizokatika umetupa hela, gari itaendelea kuyumba vile vile na fundi atakuambia shokapu ulizonunua ni feki.

Kama ni mimi nashauri mtu wa mjini, ni standadi mpya ya kampuni inayoeleweka, springi za urefu wa kiwandani zinazoendana nazo, na tairi nzuri. Anayesafiri sana lakini anaishi barabara mbovu asikimbilie kushusha gari, kuna shokapu za kubana zaidi zinazofungwa na springi za kiwandani kwenye urefu ule ule, mfano Bilstein wanazo B4 za kubadilisha tu standadi, B6 ambazo ni ngumu zaidi kwa urefu wa kawaida, na B8 za gari zilizoshushwa, Kayaba nao wana Excel-G ya kawaida na New SR Special ya sport. Sio kila gari zinapatikana kwa hiyo tafuta kwa namba ya chesisi, usikubali ya "inafanana". Mwenye Athlete anayelalamika ugumu aanze na rimu, aazime hata seti ya 16 au 17 zenye tairi nene ajaribu siku mbili, ila ahakikishe rimu ndogo inapita kwenye kalipa za breki kwanza, hasa kwenye zile za injini ya lita 3.5.

Kukata springi ili gari ikae chini, hapana, na hapa sina pande mbili za kupima. Springi iliyokatwa na shokapu ya standadi inakaa inagonga stopa (mpira wa kuzuia mwisho wa mchezo wa shokapu) kila tuta, shokapu inakufa mapema na gari haijawa sport, imekuwa fupi tu. Kinyume chake, spesa za kunyanyua gari zinakuokoa sampu (bakuli la oili chini ya injini) na bampa lakini haziongezi nafasi ya springi kucheza, na ukizidisha kipimo bol joint na mikono ya chini inafanya kazi kwenye pembe isiyo yake. Koilova za kurekebisha (shokapu na springi pamoja, urefu unaubadilisha kwa kuzungusha nyuzi) ni nzuri kwa anayezijua, kwa hapa pwani chumvi na tope vinakaa kwenye nyuzi zake, usipozisafisha na kuzipaka grisi siku ukitaka kurekebisha hazizunguki.

Ukishaamua, anza na bushi na linki, shokapu badilisha mbili mbili kwa ekseli moja sio moja iliyovuja peke yake, bolti za bushi zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwa matairi yake chini sio inaning'inia kwenye jeki (mafundi wengi hawafanyi hivi na ndo sababu bushi mpya zinakatika mapema), alafu alaimenti (kupanga pembe za matairi). Na kabla hujatoa hela ya spea yoyote angalia kama Crown yako ina AVS (mfumo wa Toyota wa shokapu za umeme), kuna waya unaoingia kwenye shokapu, maana hizo zinabadilisha ugumu zenyewe kwa umeme na bei yake ni nyingine kabisa. Ukifungiwa za kawaida waya utabaki unaning'inia na switchi yako ya sport haitafanya kitu.