Ishirini na moja? Toeni kwanza ya 1909

Jumapili nimeingia shifti ya saa moja asubuhi, sina ugomvi na mtu, nakutana na dogo mmoja tunayefanya naye kazi kavaa jezi ya South Sydney chini ya yunifomu, kola nyekundu na kijani imechomoza makusudi kabisa. Hata salamu hajatoa. "Ishirini na moja, braza." Akapita zake na toroli la mashuka.

Ishirini na moja ni makombe ya ligi ya Souths, na ni kweli hakuna timu yenye mengi kama yao kwenye raga ya ligi ya hapa Sydney, sibishi. Ila nikamfuata mpaka kwenye kabati la mashuka nikamwambia ishirini. Akacheka. Nikamwambia ile ya 1909 mlimfunga nani? Akasema Balmain, timu ya mtaa wa bandarini hapahapa Sydney. Nikamwambia Balmain walikuwa wapi? Hapo akaanza kuhesabu foronya.

Mnaonifahamu mnajua nalea wazee huku, na mnajua habari za babu yangu mmoja pale kazini (huku wanataka uwaite kwa majina yao tu, mimi imenishinda, Tanga hatukulelewa hivyo, mtu ana miaka themanini na ushee nimwite jina kavu kama mwenzangu wa gengeni, namuita babu na keshazoea). Babu ni Balmain wa damu, kazaliwa kule, baba yake alikuwa fundi Mort's Dock, karakana ya meli. Siku moja mgeni wa kazi akampelekea chai kwenye kikombe chenye picha ya sungura wa Souths. Babu akakitazama kile kikombe, akasema asante mwanangu, sina kiu. Dakika kumi hazijapita kengele inalia, babu anaomba chai.

Mara ya kwanza nilidhani ni uzee. Kumbe ni 1909.

Sasa na mimi nimeisimulia hii stori mpaka mke wangu akisikia tu neno "Balmain" anainuka kwenda kuangalia maharage, ila leo mtanivumilia tena, maana dogo kanichokoza.

Ligi ilikuwa na miaka miwili tu. Ilianza Aprili 1908, na huo msimu wa pili timu zilikuwa nane, saba za mitaa ya Sydney na Newcastle ambao si Sydney hata kwa kukopeshwa. Souths bingwa mtetezi, wakamaliza juu ya msimamo tena, Balmain nyuma yao, wote wakapita nusu fainali. Fainali ikapangwa tarehe 18 Septemba, uwanja wa maonyesho ya kilimo pale Moore Park (siku hizi pamekuwa studio za sinema, inafaa sana). Mpaka hapo hamna tatizo.

Tatizo ni kwamba siku hiyohiyo uwanja huohuo viongozi wa ligi wakaweka mechi nyingine, Kangaroos (timu ya Australia ya raga ya ligi) na Wallabies (ile ya raga ya yunioni, raga ya zamani ambayo ligi ilijitenga nayo), halafu wakasema hiyo ndo mechi ya siku. Fainali ya ligi ichezwe mapema, iwe ya utangulizi. Fainali! Mmecheza tangu baridi inaanza, mmegongana mbavu msimu mzima, mmefika mwisho wa safari, mnaambiwa njooni mapema muwachangamshe watu kabla wenye mechi yao hawajatoka vyumbani. Ni sawa uitwe kwenye harusi yako mwenyewe, ukifika unaonyeshwa jiko, uanze kumenya vitunguu.

Na sio kwamba hawakuwa na sababu. Pesa. Ziara ya kwanza ya Kangaroos kwenda Uingereza ilikuwa imekula hasara, James Giltinan aliyeidhamini akafilisika, yeye na Henry Hoyle na Victor Trumper, waasisi wenyewe wa ligi, wakaondolewa madarakani mwanzoni mwa 1909. Kasha tupu. Ndo akatokea James Joynton Smith, mwenye mahoteli, akatoa hela kuwachukua wachezaji wa Wallabies kutoka raga ya yunioni, walewale waliotoka kuchukua dhahabu ya Olimpiki London 1908, waje wacheze na Kangaroos. Watu wakajaa. Ligi ikapumua. Haya, nakubali, bila zile mechi huenda leo hakuna ligi wala Souths wala dogo na kola yake. Nimeshakubali, tuendelee.

Ila hebu mkumbuke hii ligi ilizaliwa kwa nini, maana hapa ndo damu yangu inapochemka. 1907 Alex Burdon, kinyozi, mtu anayekula kwa mikono yake miwili, aliumia kwenye raga, akakaa bila kazi, chama cha yunioni hakikumpa hata senti ya kumshika mkono. Mwaka huohuo mechi ya New South Wales na New Zealand iliingiza watu 52,000, hela za getini zimejaa magunia, na wanaocheza ni wabeba mizigo na mafundi na vinyozi wanaopoteza siku ya kazi ili wengine wahesabu mapato. Vikao vya siri vikafanyika kwenye duka la vifaa vya michezo la Trumper, Agosti ligi ikaundwa, Dally Messenger, nyota wa yunioni, akahama, mnaijua hiyo yote. Hoja nzima ilikuwa moja, kwamba mchezaji siyo punda wa kubebea mapato ya mtu.

Miaka miwili! Miaka miwili tu baadae ligi hiyohiyo inawaambia watu wa bandarini Balmain, nyie ni utangulizi. Mtu aliyekimbia unyanyasaji wa bwana mmoja kajenga nyumba yake, na cha kwanza kununua ni kiboko.

Na Balmain usidhani ni mtaa kama mtaa. Siku hizi ukipita ni mikahawa na mbwa waliovaa masweta, lakini enzi zile ni madoki na mgodi wa makaa ya mawe na vyama vya wafanyakazi. Watu wa namna hiyo ukiwaambia hivi ndo itakavyokuwa, hawaendi kulalamika kwa barua. Wanagoma. Wakagoma. Siku ya fainali wachezaji wa Balmain walikuwepo getini kabisa, wanawaomba watu wasiingie. Geti la fainali yao wenyewe. Napenda sana hiyo picha, wanaume wanaotakiwa kuwa ndani na jezi wako nje wanaongea na mtu mmoja mmoja, kaka rudi nyumbani, usilipe.

Ndani sasa. Saa imefika, Souths wametoka na jezi zao wamejipanga, upande wa pili majani. Refa yupo. Wakapiga mpira wa kuanzia, kwa nani sijui, kwa upepo, mmoja akaukimbilia akauokota akaenda akauweka chini nyuma ya mstari wa mwisho, trai, ndo bao la raga hilo. Basi. Filimbi. Mabingwa wa 1909. Hamna aliyekabwa, hamna aliyechafua bukta.

Mimi nashindwa kuelewa kitu kimoja, yule aliyeweka ile trai alikimbia au alitembea? Kwa kweli huwa nalala nawaza. Ukikimbia unamkimbia nani. Ukitembea si unaonekana wazi unachofanya. Na alipofika kule mwisho aliinama taratibu akauweka au alijirusha?

Halafu kuna hili la makubaliano. Balmain siku zote wamesema walikubaliana na Souths kwamba wote hawachezi, kisha wenzao wakatokea. Souths wakakataa, hakukuwa na makubaliano yoyote. Babu ukimuuliza atakwambia palikuwa na makubaliano kama vile alikuwepo kikaoni, na babu mwenyewe hajazaliwa mpaka karibu miaka arobaini baadae. Mimi hapo siapi. Labda walikubaliana, labda mmoja alisema "tutaangalia" na mwenzake akasikia "tumekubaliana", mnajua wenyewe ahadi za wanaume zinavyokuwa. Kwangu haibadilishi kitu. Hata kama hamkuahidi chochote, ukiona mwenzio kasimama nje kwa ajili ya jambo linalokuhusu na wewe (maana Souths nao walifanywa utangulizi hivyohivyo, au?), unaingia ndani unaokota mpira?

Nilimtumia binamu yangu voisi ya dakika tisa kuhusu hili, yuko Temeke, Yanga kindakindaki. Kanijibu kwa sekunde nne: "Asiyefika uwanjani kafungwa, sheria ndo hiyo." Sasa subiri. Mimi ni Simba, naliweka mezani mapema asije mtu akanisuta, na najua tarehe 8 Machi 2025 ni sisi tuliosema hatuchezi baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia dabi. Lakini tarehe 8 Mei 2021 nani aligoma? Mechi imesogezwa kutoka saa kumi na moja jioni kwenda saa moja usiku, Yanga wakaja muda wa zamani, hawakuona mtu, wakaondoka. Binamu siku hiyo alikuwa wakili, anataja vifungu vya kanuni mpaka vya kurasa ambazo hazipo. Leo sheria imekuwa neno moja.

Na angalia zote mbili ziliishaje. Ya 2021 ikachezwa Julai, Yanga wakashinda 1-0. Ya 2025 ikachezwa tarehe 25 Juni, Yanga tena, 2-0, wakabeba na ubingwa wao. Iliniuma, bado inaniuma, usiniulize. Lakini ilichezwa! Nilifungwa na watu waliokuwepo. Pamoja na vurugu zetu zote za Kariakoo, danadana za bodi, matamko ya saa nane usiku, mwisho wa siku timu mbili zilisimama kwenye majani. Hata Scotland 1996 kule Tallinn, wenyeji Estonia wamegomea muda uliobadilishwa, Scotland wakaanzisha mpira peke yao, refa akapuliza sekunde chache tu, wakashangilia kabisa, na FIFA (FIFA hawahawa tunaowajua!) wakasema hapana, rudieni, ikarudiwa Monaco ikaisha sufuri kwa sufuri. Sydney walishindwa nini kutafuta Jumamosi nyingine?

Ubishi mwingine mdogomdogo nauruka. Kwamba Souths walikuwa timu bora mwaka ule, ndio, walikuwa, wangeweza kushinda, basi si wangeshinda. Kwamba kanuni ni kanuni, sawa.

Na kinachonishangaza zaidi ni kwamba hawaihitaji! Ukitoa 1909 wanabaki na 20, na wanaofuata wako mbali kwenye 15. Mwenye ng'ombe ishirini anagombania kamba. Wangesema tu, jamani ile tuiandike pembeni na nyota ndogo, nani angewashusha? Hawa ndo walewale waliotolewa kwenye ligi mwisho wa 1999, makumi ya maelfu wakajaa barabarani hapa mjini Novemba 2000 kuwatetea, wakashinda mahakamani, wakarudi 2002. Ningekuwepo ningeandamana, naapa. Mtu anayejua ladha ya kuonewa na wenye ofisi alitakiwa awe wa kwanza kumuelewa yule aliyesimama getini 1909.

Balmain walisubiri mpaka 1915 ndo wakapata kombe la kwanza, na leo hawapo peke yao, waliunganishwa na Western Suburbs, wakawa Wests Tigers. Kwa hiyo hata anayedai hayupo, deni limebaki kwa watu kama babu.

Jumapili ileile nikampelekea dawa zake za mchana nikamwambia babu, yule kijana kaniudhi, anasema ishirini na moja. Nilitegemea alipuke. Akameza vidonge vyake kimoja kimoja, akasema, "Tuliwalipa." Alikuwa anasema 1969. Fainali, Souths wanapewa nafasi zote, mabingwa wa 1967 na 1968 na wangekuja kuwa wa 1970 na 1971, katikati pale Balmain wakawapiga 11-2, trai moja tu ya Sid Williams, siku nzima wakawakaba mpaka Souths wakasahau wanachezaje. Babu alikuwa uwanjani, kijana, amesimama kwenye kilima cha watazamaji na shati lililochanika bega.

Sasa mimi nimesoma kidogo kuhusu ile mechi, na wote wanaandika kitu kimoja, kwamba wachezaji wa Balmain walikuwa wanaanguka anguka wakijifanya wameumia, kila Souths wakipata kasi mtu yuko chini anashika goti, muda unakwenda. Nikamuuliza kwa adabu, babu, na wale waliokuwa wanalala chini?

Akanitazama machoni bila kupepesa.

"Walikuwa wameumia."

Wote, babu?

"Wote. Niletee chai."