Siri ya Kitubio na Sherlock Holmes wa Waandishi wa Leo

Katika hadithi moja ya mwaka 1904, Arthur Conan Doyle anamwacha Daktari Watson, msimulizi wake, ataje kwa kupitia tu kwamba mwaka 1895 mpelelezi Sherlock Holmes alichunguza kifo cha ghafla cha Kadinali Tosca, kwa ombi la Baba Mtakatifu mwenyewe. Kisa chenyewe Doyle hakukiandika. Sentensi hiyo, pamoja na nyingine inayogusia vito vya kuchongwa vya Vatikano, imewapa waandishi wa siku hizi sababu ya kumpeleka Holmes Roma katika hadithi za mwigo, yaani visa vipya vinavyomuiga Doyle. Nazipenda hadithi hizi, na ndiyo maana nasema wazi kwamba hufaulu pale imani inapomfunga mpelelezi mikono, na huanguka pale imani inapogeuzwa pambo.

Pambo tunalijua: uvumba, Kilatini, njia za chini ya ardhi, chama cha siri cha mapadri. Ukiyaondoa hayo, kisa kinaweza kuhamishiwa benki na pasipungue kitu. Historia yenyewe ina utajiri zaidi. Tangu majeshi ya Italia yalipoiteka Roma mwaka 1870, mapapa walijihesabu kuwa wafungwa ndani ya Vatikano na wakakataa kuutambua utawala mpya. Papa Leo wa Kumi na Tatu angewezaje, basi, kuwaita polisi wa Italia waje kuchunguza maiti ya kadinali? Hapo Mwingereza asiye na upande anakuwa na kazi ya kweli. Mwaka huohuo wa 1895 Papa huyo aliwaandikia Waingereza barua ya kuwaalika kwenye sala na umoja, na mwezi Juni jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Westminster likawekwa jijini London, katika nchi ambayo bado wengi waliwatilia shaka Wakatoliki.

Lakini hazina kubwa kuliko zote ni siri ya kitubio. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, mkutano mkuu wa maaskofu, ulimkataza padri kumfichua aliyeungama kwa neno, kwa ishara au kwa namna nyingine yoyote; atakayethubutu avuliwe upadri na kufungiwa katika monasteri kali afanye toba maisha yake yote. Hebu mketishe padri wa namna hiyo mbele ya Holmes. Mpelelezi huyu husoma tope la kiatu, kucha, mkono uliotetemeka jina la mtu lilipotajwa. Padri naye anawajibika kuulinda hata uso wake. Kila swali ni jaribu kwa wote wawili, kwa kuwa Holmes akimsoma padri vizuri mno, atakuwa amechukua kitu ambacho padri hakuwa na ruhusa ya kukitoa. Mwandishi anayeliona hilo hahitaji njia za chini ya ardhi.

Sikubaliani pia na wanaomaliza kitabu kwa kumbatiza Holmes. Doyle, aliyesomeshwa na Wajesuiti, watawa Wakatoliki, katika shule ya Stonyhurst kisha akaiacha imani, alimpa Holmes huruma inayotosha bila ubatizo. Katika kisa cha 1892 cha kito cha buluu kilichokutwa ndani ya bata bukini, anamwachilia mwizi aende zake, akisema huenda anaokoa roho ya mtu. Katika kisa cha mwaka mmoja kabla yake, anatunza maandishi ya mzee mgonjwa aliyekiri kuua, ili yatumike tu iwapo kijana asiye na hatia atahukumiwa. Hayo tayari yanakaribia sana kitubio, na ukaribu huo una uzito kwa sababu Holmes mwenyewe anabaki nje ya mlango wa kanisa.

Wapo pia wanaofumbua fumbo kwa muujiza, jambo ambalo Ronald Knox, padri Mkatoliki na mchambuzi wa mapema wa visa vya Holmes, alilipiga marufuku katika kanuni zake za hadithi za upelelezi za mwaka 1929. Wasomaji wa Kiswahili wataielewa kanuni hiyo bila shida, kwani mpelelezi Bwana Msa wa mwandishi Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mkononi, aliingia kwenye kisa cha mzimu wa watu wa kale na akatoka na muuaji wa damu na nyama. Muujiza ukiingizwa kama ushahidi, hoja za Holmes hazina kazi tena, na padri aliyekuwa akiteseka kwa kunyamaza anakuwa ameteseka bure.