Saa ya Cheni na Mkono Usiotulia

Hivi huyu anayetengeneza cheni za saa, alipima mkono wa nani? Nauliza kwa uchungu. Shemeji yangu ameniletea saa kutoka Muscat, imekuja ndani ya boksi na kamto kake, inang'aa mpaka watoto wanajitazama meno kwenye kioo chake. Nikaivaa. Nikashusha mkono, saa nayo ikashuka, ikavuka kifundo, ikasimama kwenye vidole. Nikainua mkono, ikateremka mpaka karibu na kiwiko. Hiyo si saa, ni njuga ya mcheza ngoma.

Wakaniambia zote ndivyo zilivyo. Saa ya cheni inatoka kiwandani ikiwa kubwa makusudi, maana kutoa pingili ni rahisi kuliko kuhangaika kutafuta za kuongeza. Sawa, nimeelewa. Lakini mbona suruali hawanifanyii hivyo? Sijawahi kuuziwa suruali ya kiuno cha kiboko nikaambiwa, "Ya kwako imo humo humo ndani, itafute."

Na kuvaa saa inayopwaya mjini hapa ni mtihani. Juzi nimo kwenye daladala, nimenyoosha mkono kumpa konda nauli, saa ikatangulia kabla ya hela. Konda akaipokea, akaigeuza, akaiangalia vizuri, akasema, "Mzee, sina chenji ya hii." Gari zima likacheka mpaka Buguruni. Msibani ndiyo usiseme. Watu wameinua mikono kwenye dua, kimya kimetanda, wangu peke yake unalia cha-cha-cha. Shehe akafungua jicho moja.

Kuna vijana wananiambia kupwaya ndiyo fasheni, eti saa ya bosi lazima icheze. Bosi hapandi daladala. Bosi hali ugali na mlenda kwa mkono uleule. Halafu cheni iliyolegea inajisaga yenyewe, pini zinakula matundu yake taratibu, kila mwaka unaopita inazidi kulegea, na kioo kinagonga kila ukuta unaopita karibu nao. Fasheni gani hiyo inayojila?

Mama Rehema akashauri nivue cheni, niweke mkanda wa ngozi. Mke wangu nampenda, ila naona amesahau tunaishi Dar. Mkanda wa ngozi kwa jasho la Februari, mwezi haujaisha unanuka na kukakamaa, watu wanakusogelea wanadhani kuna samaki ng'onda mfukoni. Babu yangu alikuwa na ile cheni ya springi inayovutika, unaingiza mkono tu kama bangili, hakuna cha loki wala pini. Ilikuwa inamkaa vizuri sana. Ila mkono wa kushoto wa babu haukuwa na unyoya hata mmoja, zote zilikwenda na saa.

Sasa ninaye jirani. Jirani yangu ni fundi wa kila kitu kisichokuwa chake. Alipoona saa inapwaya hakusubiri kuombwa, akaja na msumari na nyundo. Nikamwonyesha kwa ndani ya cheni, kwenye baadhi ya pingili, kuna vimshale vidogo vimechorwa. Akasema hayo ni marembo. Marembo! Mshale ule ndio unaokwambia pini isukumwe kuelekea wapi ili itoke. Yeye akapiga kwa kuukabili mshale, pini ikajikita nusu ndani nusu nje, ikagoma. Mwenye akili angesimama hapo. Jirani akamtuma mwanawe nyumbani kuleta nyundo kubwa. Ni Mama Rehema aliyeiokoa ile saa, aliichukua na kuifungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Mpwa wangu naye akaja kunitania. Yeye kavaa Casio yake ya kidijiti, ile nyembamba ya cheni, bei ya sahani chache za pilau. "Mjomba, yangu hii unanyanyua tu kibati cha kwenye loki kwa bisibisi, unakisogeza mpaka panapokutosha, unakibana. Basi." Hakuna pini, hakuna mshale, hakuna jirani. Na inasema kweli saa, hilo ndilo linaloniudhi.

Nikaenda Kariakoo kwa fundi saa. Yule mzee anakaa kibarazani na kimeza chake cha kioo, kile kidude cha kukuzia kimebanwa jichoni, hata akikusalimia anakusalimia nacho, unajiona mdudu. Nikampa saa. Akasema, "Sitaki saa, lete mkono." Akaushika, akaubonyeza, akaugeuza, nikadhani ataniandikia vidonge. Akauliza nimekuja kwa miguu? Nikasema ndiyo, tena jua la saa nane. Akafurahi. Anasema wateja wanaomsumbua ni wa saa mbili asubuhi. Asubuhi mkono umesinyaa, anaipunguza saa ikae sawasawa, ikifika mchana joto linatanua mishipa, mkono unavimba, mtu anarudi amekasirika kwamba fundi amembania makusudi. "Mkono unapimwa ukiwa umeshaonja jua," akasema.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya fundi na mtu mwenye nyundo. Kwanza akaing'oa ile pini ya jirani, huku akiuliza nani kafanya hivi na kama yuko hai. Halafu hakutoa pingili upande mmoja. Alitoa upande wa namba 12 na upande wa namba 6, kwa sababu ukipunguza upande mmoja tu, loki inapanda ubavuni, na kila ukiweka mkono mezani inakuchoma mfupa. Ikibaki moja isiyo na mwenzake, hiyo yeye huitoa upande wa 6. Pini aliigonga kidogo kufuata mshale, ikatoka yenyewe kwa adabu. Kurudisha ni kinyume, inaingia kwa kuukabili mshale, na ile ncha ya pini yenye mpasuko ndiyo inayoingia mwisho, maana hiyo ndiyo inayobana. Akaniambia nimshukuru Mungu cheni yangu ni ya pini tupu. Ziko saa, zikiwemo baadhi ya Seiko, ambazo pini inapita ndani ya kibomba kidogo kuliko punje ya mchele. Ukitoa pini kibomba kinadondoka bila kukuaga, unarudisha pini inaingia vizuri kabisa, na kesho yake saa iko mtaroni.

Akanivalisha. Akasema ipo sawa ikiwa ncha ya kidole kidogo inapita kati ya loki na mkono. Nikamuuliza, kidole kidogo cha nani? Maana cha kwake na changu si ndugu. Hakujibu. Akanifungia zile pingili zilizobaki kwenye kikaratasi, akanionya nisizitupe.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe mkono wangu ndio kwanza umeanza maringo. Alfajiri saa inapwaya kidogo, adhuhuri imekaa, alasiri inabana, nikila dagaa wa chumvi usiku inaniachia alama kama nimetoka mahabusu. Nikirudisha pingili moja ni kubwa mno, nikiitoa ni ndogo mno. Dawa yake ipo, na ni vile vitundu vilivyopangwa ubavuni mwa loki. Pingili moja ni kama milimita nane, lakini kutoka kitundu hadi kitundu ni milimita mbili au tatu tu. Unabonyeza kijiti cha springi kwa ncha ya kitu chembamba, unakihamishia kitundu cha pili. Kwa maneno ni rahisi sana.

Kijiti hicho kina springi kwa ndani, na springi haina heshima. Mpwa wangu ndiye aliyejitolea kukibonyeza, kwa kijiti cha meno. Tukasikia tik! Kikaruka. Familia nzima tukapiga magoti sakafuni na tochi za simu, tumeinua zulia, tumesogeza kochi ambalo halijawahi kusogezwa tangu harusi yetu, chini yake tukakuta remote ya televisheni tuliyoiuza zamani. Jirani akapiga hodi, akatukuta tumeinama, hakuuliza kitu, naye akapiga magoti. Alikuwa ameshatafuta muda mrefu ndipo akauliza kinachotafutwa. Kijiti kilikuwa kwenye bakuli la karanga, na aliyekipata ni yeye, kwa jino.

Mambo mengine hata siyasemi sana. Cheni inanyofoa vinyweleo. Uchafu unajaza katikati ya pingili, jasho na vumbi na sabuni, unakuwa ugoro mweusi unaochafua kola ya shati jeupe. Sasa saa ina mswaki wake, kila Jumapili inasuguliwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na unaning'inia pamoja na yetu, kwa hiyo kila asubuhi kuna mtu nyumbani anaupigia meno.

Ramadhani ilipoingia nikapungua. Vitundu vyote nikavimaliza, saa bado inapwaya, nikarudi kwa fundi akatoa pingili nyingine. Nikaonekana kijana, nikafurahi. Ikaja Idi. Biriani ya mama mkwe, biriani ya kwetu, biriani ya jirani ambayo huwezi kuikataa kwa sababu alivunja jino kwako. Wiki ile saa ikakataa kabisa kufunga. Nikarudi Kariakoo na kikaratasi changu cha pingili, zimebaki chache kwa kuwa nyingine mtoto amezifanya mabehewa ya SGR.

Fundi akaninyooshea mkono bila kuniangalia. "Elfu tano."

"Mzee wangu, kutoa ulinitoza elfu tatu."

"Ndiyo."

"Sasa mbona kurudisha elfu tano? Kazi si ileile, pini ileile, mshale uleule?"

Akakishusha kile kidude cha jichoni, ndiyo mara ya kwanza nimeyaona macho yake yote mawili. "Wakati wa kutoa ungeweza kuondoka nayo hivyohivyo ukaenda kufanya fasheni," akasema. "Leo hata kuifunga huwezi."

Nikamwambia elfu nne. Akanibonyeza mkono, akaugeuza, akaniuliza biriani ilikuwa ya mbuzi au ya kuku. Nikasema ya mbuzi. "Basi iwe elfu sita," akasema, "maana kwa mbuzi utarudi tena hapa wiki ijayo, na mimi nitakuwa safarini Tanga, bora nikuwekee pingili mbili kabisa."