Muda wa ukomo mmeuruka

Mwandishi wa makala ya kudai haki kasema aliyedhulumiwa "aende mahakamani", basi. Ungegusia muda wa ukomo, yaani siku ya mwisho ya kufungua kesi, ndugu mwandishi, maana wengi wanakwama hapo. Nchi nyingi hutoa miaka kadhaa kwa dai la mkataba, la kashfa (kuchafuliwa jina) hupewa muda mfupi zaidi. Ukichelewa, hata uwe na risiti na mashahidi, kesi inatupwa kabla ushahidi haujasikilizwa. Na ile "nitakulipa mwezi ujao" ya mdomo kwenye simu kwa kawaida haisogezi muda mbele. Peleka barua ya madai, baki na nakala yenye sahihi ya mpokeaji, akikaa kimya fungua shauri. Ila kushinda ni jambo moja, jamani. Kukaza hukumu, yaani kuifanya itekelezwe ulipwe, kwa mtu asiye na mali ni kazi nyingine kabisa. Chunguza mdaiwa ana nini kabla hujalipia ada.