Tunachoma mbolea, kisha tunakwenda kuinunua

Nikifagia uwanja asubuhi za kiangazi hapa Isevya, naona moshi karibu kila nyumba. Tabora ni mji wa miembe, na mwembe haukomi kupukutisha majani. Tunayakusanya kando ya uzio, tunawasha kiberiti. Mvua zikikaribia, wenyewe hao hao tunapanga foleni dukani kununua mfuko wa mbolea. Linaniuma sana jambo hili.

Naitrojeni ya majani, ambayo ni chakula cha mimea, huondoka na moshi. Majivu yanayobaki yana potasiamu na chokaa kidogo, lakini hayashiki maji, na shamba la kichanga kama letu linahitaji mboji, yaani mbolea ya majani yaliyooza, ya kushika maji kuliko kitu kingine. Mwagilia tuta la mchicha asubuhi, mchana uje uliguse: limekauka.

Mzee mmoja jirani aliponiona narundika majani aliniambia, "Mwanangu, jani la mwembe haliozi, utangoja mpaka uchoke." Nilimwitikia kwa heshima, na kwa kiasi fulani ana haki. Likiwa peke yake na kavu, litakaa mpaka mchwa walimalize. Lakini wanaoozesha lundo ni vijidudu wasioonekana kwa macho, na wao wana zamu zao.

Wa kwanza ni bakteria wa joto la kawaida. Wanaanza na vilivyo laini: maganda ya maembe, ugali uliolala, mboga zilizonyauka. Wakila wanatoa joto, na lundo lenye kimo cha mita moja hivi hulitunza, kiasi kwamba ndani ya siku chache linavuka nyuzi 45. Hapo wanawapisha wenzao wanaopenda joto kali, na lundo hufika nyuzi 60. Likikaa juu ya 55 siku tatu mfululizo, vimelea vingi vya magonjwa na mbegu nyingi za magugu hufa. Likikaribia 70, hata vijidudu wenyewe wanakufa, kwa hiyo tunaligeuza.

Zamu ninayoipenda ni ya mwisho. Lundo likianza kupoa, kuvu na aktinomaiseti, bakteria wanaoota kama nyuzi za kuvu, hushika kazi ngumu ya kuvunja nyuzinyuzi na lignini, yaani ule ugumu wa jani la mwembe. Harufu ya ardhi iliyopata mvua ya kwanza ni yao. Streptomaisini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1943 na kuanza kutibu kifua kikuu, ilipatikana kwa aktinomaiseti wa udongoni. Mimi nikishika koleo huwa nalikumbuka hilo.

Vijidudu hawa wanahitaji kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu moja ya naitrojeni. Majani makavu yamejaa kaboni, basi wapewe na samadi ya ng'ombe na majani mabichi, vyenye naitrojeni. Yangu nayakatakata kwa panga kwanza, na kwa miezi minne hivi yanakuwa meusi na kupukutika mkononi. Mzee alikuja kuchukua ndoo mbili.

Lundo langu la kwanza liliharibika. Ulikuwa msimu wa maembe, mvua inapiga, nikarundika maganda matupu. Maji yakajaa, hewa ikakosekana, likanuka kama yai viza mpaka majirani wakalalamika, na walikuwa na haki. Nililifumua lote, nikachanganya maganda ya karanga na majani makavu, harufu ikaisha. Kiangazi shida ni kinyume chake: lundo likikauka, kazi inasimama, kwa hiyo nachimba shimo kivulini na kumwagia maji ya kuoshea mboga. Fumbata konzi moja. Liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Kisha chomeka kijiti katikati, kichomoe baada ya dakika chache. Kikiwa cha moto, vijidudu wako kazini.

Ninachokiomba kwenye mikutano ya mitaa ni sehemu moja ya lundo la pamoja, na moto upigwe marufuku hapo. Walimu nao nawaomba zaidi, maana wanafunzi wanafagia majani ya miembe kila asubuhi. Yakianza kurundikwa Juni, pamoja na samadi na maji, mvua za Novemba zitakuta mboji tayari kwa bustani ya shule.