Fundi wa pampu ndo kazi yenyewe

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la watu wa Masasi mtu kaweka karatasi ya matumizi ya asasi moja inayotengeneza visima vijijini, kazungushia wino mwekundu sehemu mbili tu, mshahara na mafuta ya pikipiki, basi hapo hapo ikawa vita. Wezi hao, wanakula kwa mgongo wa masikini, hela yote ingeenda kwenye visima. Nimesoma zile meseji nimekasirika kweli, maana wengi wetu mle tunajua kilichoua visima vyetu.

Jamani sisi huku kusini misaada tumeanza kuiona zamani. Kuanzia miaka ya 1970 Finland ilitoa hela Mtwara na Lindi, visima vikachimbwa, zikaja zile pampu za mkono za Nira, mradi ukaenda mpaka miaka ya 1990. Kisha nini? Mpira wa ndani ukichakaa spea hakuna, fundi keshahamia Dar, nauli ya kumleta mwingine hakuna anayeitoa, akina mama wanarudi mtoni kufukua mchanga. Kisima kipo, maji hakuna. Maana kuchimba kila mtu anataka kuchangia, kutengeneza hakuna anayetaka. Leo asasi inamlipa kijana mwenye spana azunguke vijiji vya Nanyumbu na pikipiki, pampu ikifa leo afike kesho, halafu tunasema hiyo ni hela ya ofisi imeliwa. Huyo kijana ndo maji yenyewe! Mkitoa mshahara wake na mafuta yake kinabaki nini hapo?

Haya, walaji wapo, semina za posho na fulana tumeziona. Na mkulima wa korosho aliyezoea kukatwa hapa na pale kwenye kila kilo, akisikia neno matumizi lazima ashtuke, simlaumu. Ila asilimia ya mshahara haimkamati mwizi, mwizi anayejua kuandika hesabu ataandika mshahara sifuri na nyie mtampigia makofi.

Hata Marekani, mwaka 2013 GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ambao kazi yao ni kukagua asasi za misaada, waliwaandikia watoaji barua ya wazi kwamba gharama za uendeshaji peke yake si kipimo.

Tuulize pampu iliyotengenezwa mwaka jana kama inatoa maji leo. Tuulize kamati ya maji kama ina namba ya fundi na akipigiwa anakuja lini. Hayo hayapo kwenye ile karatasi, inabidi uende kijijini.

Halafu tuchange wenyewe, mbona harusi na misiba tunachanga bila kusukumwa. Msimu wa korosho ukifunguka mimi nawatumia hao wa asasi hela kwa simu na nawaambia kabisa hii ya mafuta na mshahara wa fundi. Ninachowaomba, kwenye ripoti zao waandike na visima vilivyowashinda, na sababu.